Ngazi Katika Koo la Hirukawa

Ijulikane kwa wote wanaohusika kwamba siku ya Alhamisi, saa nne kamili asubuhi, Bwana Nishiwaki alipanda hadi chumba kilicho juu ya duka la vitumbua vya pweza akiwa ameubeba ushahidi kwa mikono miwili, kama mtu aliyekabidhiwa keki ya harusi. Ushahidi wenyewe ulikuwa karatasi moja.

Bi Kuzuhara Mitsue alimfungulia. Mama huyu alikuwa amekaza nyaya za piano mjini Osaka kwa miaka thelathini na moja, mpaka magoti yake yalipogoma kuinama, na tangu hapo alikuwa akifanya kazi ambayo hata mlangoni hakujua aiandikeje: watu walimletea muziki uliorekodiwa, naye akawaambia kama anayeimba ndani yake ni binadamu au ni mashine. Kama shangazi yeyote wa mji ule, alikuwa na mkoba wa peremende usiokauka, na hakuna aliyehojiwa naye bila kwanza kupewa moja. Usidhani ulikuwa ukarimu. Ilikuwa mbinu. Mtu asiye na wasiwasi huimumunya peremende taratibu. Mwenye jambo huitafuna.

Nishiwaki aliimumunya.

"Mwalimu, nasikitika mno kukuletea habari hii," alisema, kwa sauti ya mtu ambaye hajasikitika hata chembe. Alikuwa katibu wa Tamasha la Sauti Mbichi, ambalo kila mwezi wa Aprili liliwaalika wapigaji wa roki kwa sharti moja tu: rekodi ya onyesho wanayoituma iwe haijachezewa. Bendi ya Dorodango ilikuwa imetuma onyesho lake la Novemba, na ilikuwa tayari imekubaliwa. "Tazama hapa. Huu ni wimbo wao wa 'Barabara ya Chumvi'. Sauti ya mtu, ukiichora, huenda hivi." Mkono wake uliogelea hewani kama samaki mlevi. "Hupanda, huteleza, huyumba. Sasa hii!"

Bi Kuzuhara alivaa miwani. Mstari kwenye karatasi ulipanda na kushuka kwa pembe kali, kila noti bapa kama ubao, kila ukingo umekatwa kwa kisu.

"Ngazi," alisema.

"Ngazi! Kama za kituo cha treni. Koo la binadamu halina ngazi, Mwalimu. Hiyo ni mashine ya kunyoosha sauti."

"Ubeti wa kwanza unayumba vizuri tu."

"Ndiyo uone ujanja wao. Ngazi ziko kwenye kiitikio peke yake. Pale anapopaaza. Pale koo lake bovu linapohitaji kusaidiwa."

"Na ulipousikiliza, uliuonaje?"

"Samahani?"

"Wimbo. Ulipousikiliza."

Nishiwaki alimtazama kwa huruma. "Grafu haisikilizwi, Mwalimu. Nilikuwa ofisini, kompyuta nimeizima sauti. Programu inamtenga mwimbaji na vyombo, halafu inachora. Na mimi mwenyewe kwenye karaoke sishuki chini ya alama tisini na tisa kwa mia. Mstari ulionyooka nikiuona naujua."

Bi Kuzuhara aliandika kitu kidogo kwenye daftari lake.

"Barua ya kuwaondoa nimeshaiandika," Nishiwaki aliendelea, akipiga mkoba wake kofi la upendo. "Itatumwa kwa faksi saa kumi na moja jioni, pamoja na sababu, kwa magazeti yote ya muziki. Kamati imetaka tu uthibitisho wako. Kwa utaratibu."

"Kwa utaratibu," alikubali Bi Kuzuhara. "Njoo saa kumi."

Nishiwaki alipotoka, alimpisha mtu aliyekuwa ameketi kwenye ngazi, ngazi halisi, za mbao. Mtu huyo alikuwa mrefu, mwenye umri wa miaka hamsini na minne, koti la ngozi, taulo shingoni. Alinuka vitunguu vya majani, maana alikuwa amefunga kimoja ndani ya lile taulo, kama mama yake alivyomfundisha kutibu koo. Huyo ndiye Hirukawa Gensuke, mwimbaji wa Dorodango, mtu aliyewahi kuvunja kioo cha choo cha ukumbi kwa noti moja.

"Nimesikia yote," alisema kwa sauti ya chini yenye mikwaruzo. "Samahani, mama. Mlango wako mwembamba."

"Umekuja kujitetea?"

"Nimekuja kuuliza."

Alipewa peremende. Aliishika mkononi tu bila kuila.

"Juni walinikata kitu kooni," alisema. "Kidogo, kama punje ya mchele. Miezi minne sikutoa neno. Hata tofu nilinunua kwa kuandika kwenye daftari. Novemba nikapanda jukwaani kwa mara ya kwanza. Watu walikuwa wanapiga kelele, sikujisikia kabisa. Baadaye nikasikiliza rekodi, nikajisemea, eeh, huyu anaimba kuliko mimi."

"Fundi wenu wa mitambo ya sauti ni nani?"

"Ebisawa. Nimesoma naye tangu sekondari. Nikihitaji figo, ataitoa yake kwa kijiko."

"Kwa hiyo angeweza kukunyooshea sauti bila kukwambia."

Hirukawa aliigeuzageuza peremende mkononi. "Ndiyo maana nimekuja. Daktari alinipa koo. Sijui kama linafanya kazi. Kama ni mashine iliyoimba, nakuomba uniambie kabla ya hiyo faksi. Nitapiga simu mwenyewe niwaambie nimeacha kuimba. Siwezi kusimama mbele ya watu wanaolia kwa ajili yangu, kumbe koo ni la kuazima."

Bi Kuzuhara alivaa koti. "Rudi saa kumi. Na hicho kitunguu ubadilishe, kimeshakufa."

Ukumbi wa lile onyesho la Novemba ulikuwa mtaa wa Jūsō, chini ya ardhi, na ulinuka bia ya juzi. Ebisawa Tamotsu alikuwa akikunja nyaya, mtu mfupi mwenye kofia, nyaya zimemzunguka mwilini utadhani ndiye anayekunjwa.

"Shangazi! Karibu, karibu. Unataka kuona mitambo?"

"Kula peremende kwanza."

*Kruch.* Ilivunjika kabla hajamaliza kusema asante. Bi Kuzuhara aliandika kwenye daftari.

"Nataka kuona piano," alisema.

Ilikuwa piano ya kusimama, nyeusi, imekwaruzwa na vizazi vitatu vya wapiga gitaa. Alifunua kifuniko cha juu, akatia mkono ndani bila kutazama, akatoa kadi iliyokaa palepale kadi za namna hiyo zinapokaa siku zote. Kila fundi aliyeikaza piano ile alikuwa ameandika tarehe, akaandika namba, akagonga muhuri wake. Mstari wa mwisho ulisema: Novemba 16, 442, Tsubouchi.

"Huyu nilimfundisha mimi," alisema Bi Kuzuhara. "Miaka yote hii bado anaandika mbili kama bata. Siku ya onyesho magitaa mliyakaza kwa kufuata piano hii?"

"Tungefanyaje, shangazi? Piano huwezi kuibembeleza. Ikisema 442, sote 442."

Namba ile ni ya noti ya La: waya wake hutetemeka mara mia nne arobaini na mbili kwa sekunde. Piano za kumbi za Japani hukazwa hivyo, na hakuna anayeuliza kwa nini. Lakini kitu chochote kinachotoka kiwandani ndani ya boksi, huja kimewekwa 440. Tofauti ni ndogo kama unywele. Wanaocheza mbele ya jukwaa hawaisikii. Rula inaisikia.

Bi Kuzuhara aliketi kwenye kiti cha piano, akafungua kompyuta yake, akaupima wimbo mzima. Gitaa: 442. Besi: 442. Piano: 442. Kisha akapima ngazi za Nishiwaki, moja baada ya nyingine.

440. 440. 440.

Alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

"Ebisawa. Humu ndani mna mashine ya kunyoosha sauti?"

Ebisawa alijichukulia peremende nyingine bila kualikwa. *Kruch.* Kisha akaenda kwenye kabati la mitambo, akachomoa kiboksi cha bluu, akakiweka juu ya piano kama mtoto anayesalimisha manati. Bi Kuzuhara alikichomeka kwenye umeme. Kioo chake kidogo kikawaka: 440.

"Niliileta siku ile," alisema Ebisawa. "Lakini sikuiwasha."

"Kwa nini uliileta?"

"Kwa huruma."

"Kwa nini hukuiwasha?"

"Kwa aibu. Gensuke alikuwa ananitazama." Alivua kofia, akaivaa tena. "Shangazi, unaniamini?"

"Mimi naamini vyombo. Na chombo hiki, mwanangu, kinasema vibaya sana juu yako. Nataka rekodi ya njia ya kipaza sauti cha Hirukawa peke yake, kabla hujaichanganya na chochote. Unayo?"

"Ninayo."

"Ilete mwenyewe kwangu, saa kumi."

"Lazima nije mimi?"

"Kuna peremende."

Ndani ya treni ya kurudi, Bi Kuzuhara alihesabu hali ilivyo. Kulikuwa na ngazi, na ngazi zilikuwa 440. Kulikuwa na mashine, na mashine ilikuwa 440. Kulikuwa na rafiki mwenye huruma, anayetafuna. Mpelelezi mvivu angefunga jalada hapo akashuka kununua chakula cha mchana. Bi Kuzuhara alifanya kile ambacho Nishiwaki hakuwa amekifanya: alivaa vipokea sauti masikioni, akausikiliza wimbo.

Dakika ya tatu na sekunde kumi na mbili, alishtuka. Akarudisha nyuma. Akarudisha tena. Mara ya sita alicheka kwa nguvu kiasi kwamba bwana aliyekaa jirani alihamia behewa lingine na mizigo yake yote.

Saa kumi jioni wote walikuwepo. Nishiwaki na barua yake mapajani. Hirukawa na kitunguu kipya. Ebisawa karibu na mlango.

"Bwana Nishiwaki," alisema Bi Kuzuhara, "naomba ufumbe macho."

"Mwalimu?"

"Kwa utaratibu."

Alifumba. Wimbo ulianza kiitikio cha pili, gitaa zikanguruma, watu wakaimba, na katikati ya kelele zile, kwa mbali, kukasikika kitu kidogo na cha kawaida kabisa. Alisimamisha.

"Umesikia nini?"

"Kikohozi."

"Cha nani?"

"Changu," alisema Hirukawa. "Samahani. Kulikuwa na moshi."

"Sasa fumbua macho, utazame karatasi yako. Dakika ya tatu, sekunde ya kumi na mbili. Kuna nini?"

Nishiwaki alifuatisha kwa kidole. "Ngazi."

"Ngapi?"

"Nne."

"Yaani Bwana Hirukawa anakohoa, na papo hapo anaimba noti nne bila kosa hata moja. Kipaji hicho hata mimi nitakilipia kiingilio."

Chini dukani, mafuta yalichachatika kwenye kikaango cha vitumbua.

"Mashine huinyoosha sauti iliyopinda," alisema Bi Kuzuhara. "Haiwezi kukifanya kikohozi kiwe wimbo. Mdomo ukiacha kuimba, mashine nayo haina cha kunyoosha. Kwa hiyo ngazi hizi hazikutoka kooni mwa Hirukawa. Hazijawahi hata kupita karibu nalo."

"Basi nani alikuwa anaimba?" aliuliza Hirukawa.

"Swali zuri. Ebisawa, lete."

Njia ya kipaza sauti peke yake ilikuwa chafu na uchi: pumzi, mate, vishindo vya buti. Ilipofika kwenye kikohozi, Bi Kuzuhara alikata hapo, akairudia, akapandisha sauti ya spika hadi vikombe vikatetemeka. Nyuma ya kikohozi kulikuwa na kitu chembamba na safi, kisicho na pumzi, kama filimbi ya plastiki inayopigwa na mtu asiye na mapafu. Noti, noti, noti, noti.

Nishiwaki alinyanyuka nusu kutoka kitini. "Hiyo naijua!"

"Ni lazima uijue. Ndiyo iliyokubeba mgongoni hadi alama tisini na tisa."

Ilikuwa sauti ya kiongozi wa karaoke, ile inayonong'ona chini ya kila wimbo ili walevi na waliopotea wajue noti inayofuata. Na mashine za karaoke, kama kila kitu kinachotoka kwenye boksi, ni 440.

Vichwa vitatu vilimgeukia Ebisawa. Safari hii hakutafuna. Aliimeza peremende nzima.

"Nilikodi chumba cha karaoke, peke yangu, saa mbili nzima," alisema, akiongea na kofia yake. "Wimbo nikaufifisha, kiongozi nikampandisha, nikarekodi. Nikaikata mstari mmoja mmoja. Siku ya onyesho nikawa naibonyeza kwa kidole, itoke kwenye ile spika ya sakafuni mbele yako. Kidogo tu. Kwenye viitikio tu."

"Kwa nini?" alisema Hirukawa.

"Kwa sababu uliandika! Kule hospitali, kwenye daftari. 'Naogopa nikipotea kwenye kiitikio sitarudi.' Karatasi hiyo ninayo nyumbani. Nikasema asipotee basi. Kuimba aimbe mwenyewe, lakini asipotee."

Hirukawa alikuwa amesimama. "Kumbe ni wewe! Wewe mjinga! Nilidhani sikio linalia!"

"Sikio?"

"Ngiii, ngiii, kila kiitikio! Nikaenda kwa daktari! Nimekunywa dawa za sikio wiki mbili, Tamotsu, chungu kama nyongo!"

"Ungeniambia!"

"Ungeniambia wewe!"

"Kaeni," alisema Bi Kuzuhara, wakakaa. "Spika ikaimba, kipaza sauti kikainasa kidogo. Wewe, Bwana Nishiwaki, una programu inayopenda usafi. Ikikutana na sauti yenye mikwaruzo inachanganyikiwa, inakimbilia kitu chochote kilichonyooka kilicho jirani. Hirukawa akipaaza anakwaruza. Programu ikamwacha, ikachora filimbi."

Nishiwaki alikohoa kwa heshima. Alikuwa mtu wa kuchosha, lakini hakuwa mtu mbaya, na kazi yake aliijua. "Hilo linaeleza ngazi, Mwalimu. Halielezi sauti yenyewe. Chini ya filimbi, bado huenda iliguswa."

Hirukawa aliacha kupumua. Kitunguu kilitulia.

"Ni haki kuuliza," alisema Bi Kuzuhara. Alitoa karatasi kubwa aliyoichora kwa mkono mchana ule, noti kwa noti, kwa sikio na kwa rula ya 442. Mstari wake ulikuwa kama tambi zilizodondoka sakafuni. "Hii ni sauti ya Bwana Hirukawa, bila filimbi. Kila noti anaiingilia kwa chini, anaitafuta, anaipata au haipati. Kiitikio cha kwanza: sauti imeshuka chini ya noti mara sita. Cha pili: mara nne, na kikohozi. Cha mwisho: mara saba. Jumla kumi na saba. Na ile noti ya juu kabisa haikufika."

"Haikufika?" alisema Hirukawa.

"Ilibaki njiani. Kwa heshima zote, bwana, kama kazi hii ilifanywa na mashine, irudishwe dukani wakupe nyingine."

Nishiwaki aliinama juu ya karatasi ile muda mrefu. Alifuata tambi kwa kidole, akarudi, akafuata tena. Kisha akafanya jambo ambalo hajalifanya kwa hiari yake tangu kesi ianze: aliomba wapige wimbo tena, akasikiliza.

"Imeshuka," alisema mwishowe, kwa mshangao. "Imeshuka kweli. Hakuna mashine ambayo ingeiachia hii."

"Kwa hiyo ni mimi," alisema Hirukawa.

"Nani mwingine angekubali kuwa wewe?" alisema Ebisawa.

"Mara kumi na saba!" Hirukawa alipiga goti lake kama mtu aliyetajiwa namba yake kwenye bahati nasibu. "Kumi na saba, Tamotsu! Ni mimi!" Akaficha uso ndani ya taulo, na kwa muda hakuna aliyejua kama analia kwa furaha au kwa kitunguu, wala hakuna aliyeuliza.

Ilibaki sheria. Nishiwaki alitoa kanuni za tamasha mfukoni, akazisoma kimyakimya, akazisoma kwa sauti: "Sauti ya mwimbaji isiguswe." Akafikiri. "Sikio halikutajwa."

"Halikutajwa," alikubali Bi Kuzuhara.

"Mwakani tutalitaja." Aliikunja barua yake mara nne, akaitia mkobani, akasimama mbele ya Hirukawa na kuinama kuomba radhi, akainama mpaka paji la uso likagonga meza na peremende zikamwagika sakafuni. Kisha akaomba ruhusa ya kutumia faksi.

Ripoti ya Bi Kuzuhara iliondoka saa kumi na dakika hamsini na nne, ikiwa na mistari miwili. *Sauti ni yake. Makosa kumi na saba pia ni yake.*

Mlangoni, Nishiwaki aligeuka. Mtu wa alama tisini na tisa hawezi kuondoka hivihivi.

"Lakini ile noti ya juu, Bwana Hirukawa..."

"Njoo Aprili uisikie. Nitaifikia."

"Na usipoifikia?"

"Utajua ni mimi."

Ebisawa, aliyekuwa amepiga magoti akiokota peremende, alijitilia moja mdomoni. Bi Kuzuhara alitega sikio akasubiri. Dakika moja ilipita, ya pili ikapita, na hakikusikika kitu.

Alikuwa anaimumunya.